Vifaranga Wanne Waliobaki

"Wifi, hebu njoo uone mwenyewe."

Mshonaji aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akaiacha sare ya shule ikining'inia kwenye sindano, akatoka uani. Mke wa kaka yake alikuwa amesimama mbele ya ndoo ya maji ya kunywa, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mfuniko. Ndani ya ndoo kifaranga wa bata alikuwa anaogelea kwa raha zake, kama vile maji yale yalichotwa kwa ajili yake.

"Ameingiaje humo?" Mshonaji aliuliza.

"Usiniulize mimi. Waulize watoto wako."

Neno hilo likatua pale uani na hakuna aliyeliokota. Mke wa kaka mwenyewe alionekana kulijutia, maana aliinamisha uso akaanza kuyamwaga maji kwenye shina la mpapai. Lakini lilishatoka. Nyumba nzima ilijua kwamba Mshonaji alikaa kwenye ndoa miaka saba bila mtoto, na kwamba siku aliyoachwa alirudi kwa kaka yake na begi la nguo na cherehani iliyofungwa nyuma ya baiskeli, basi.

Bata wenyewe hakuwatafuta. Mteja mmoja alimletea mayai kumshukuru kwa gauni, na yeye, badala ya kuyala, akayaingiza chini ya kuku wa wifi yake aliyekuwa ameatamia mayai viza. Yakaanguliwa tisa. Alipoona vichwa vya manjano vinachungulia chini ya bawa, alicheka kwa sauti, peke yake, mpaka akajishtukia. Tangu hapo walimfuata kila mahali, kisimani, bustanini, hata chini ya meza ya cherehani, ambako walilala juu ya vipande vya vitambaa kama wageni waliotandikiwa.

"Sikuchukii, wifi," mke wa kaka alisema, sasa kwa upole. "Lakini mchicha wameumaliza. Kuku wangu hawana pa kunywea, kila chombo matope. Na mimi na tumbo hili siwezi kuteka maji mara mbilimbili. Leo watafutie pa kwenda, tafadhali."

Kaka mtu alikuwa kibarazani anapiga mswaki. Mshonaji alimgeukia, akitegemea neno moja la kumtetea. Kaka akaongeza kasi ya mswaki.

Basi akawatia wote tisa kwenye kikapu, akawafunika kwa kitambaa chepesi, akatoka.

Alianzia kwa mama mwenye mashine ya kusaga, mwanamke mnene mcheshi ambaye muda wote nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga.

"Unauza au unagawa?" aliuliza, huku akizima injini ili wasikilizane.

"Nagawa, mama."

"Wanapiga kelele?"

"Wakikua, kidogo."

"Kuliko mume wangu?"

Mshonaji alicheka. "Hapo siwezi kusema uongo. Kumzidi yeye, hapana."

"Basi nipe watatu. Chenga zinazomwagika hapa zinanenepesha panya bure." Aliwapokea mmojammoja, akawapuliza manyoya yaliyojaa vumbi. Kisha akamtazama Mshonaji kwa jicho la kina mama. "Na wewe je, fundi? Nani atakuchukua wewe?"

Alisema kwa utani, bila ubaya wowote. Mshonaji naye akajibu kwa utani, "Mimi nakula sana, mama, hawaniwezi," akabeba kikapu chake. Alipofika njiani tabasamu lilikuwa bado limemganda usoni, na ilibidi alitoe kwa kiganja kama mtu anayefuta jasho.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mwalimu mstaafu. Yule mzee hakuuliza chochote kuhusu kelele. Alichagua wawili, akawapeleka moja kwa moja kwenye dirisha ambalo mkewe alilala kando yake, mgonjwa wa siku nyingi.

"Tazama," alimwambia mkewe. "Wageni wako."

Mama yule alitoa mkono mwembamba kwenye shuka. Kifaranga akaudonoa. Mume akamtazama mkewe akitabasamu, na Mshonaji, aliyesimama mlangoni na kikapu, akatazama pembeni. Hakuwa na haki ya kuona kitu kama kile, ndivyo alivyojihisi. Watu wawili wazee, kitanda, dirisha. Alitembea kipande kirefu cha njia bila kujua anakwenda wapi.

Baada ya hapo milango ikawa migumu. Mmoja alisema bata wanachafua. Mwingine alisema ana mbwa, na mbwa wake hana adabu. Wa tatu aliongea naye kupitia upenyo wa mlango, akasema mwenyewe hayupo, ingawa mwenyewe ndiye aliyekuwa anaongea. Jua likaanza kulegea. Vifaranga wanne waliobaki walikuwa wamelala kwa kuchoka, vichwa vimelaliana.

Ilibaki nyumba moja, kule chini karibu na kijito. Nyumba ya Seremala.

Alisimama njia panda akabishana na miguu yake. Mwaka mzima alikuwa akimpenda mtu wa nyumba ile, na mwaka mzima hakuwahi kukanyaga uwanja wake. Seremala alikuja kwa kaka yake kurekebisha mguu wa meza ya cherehani. Akarudi kuukagua. Akarudi tena kuukagua, mpaka mke wa kaka akauliza kama mguu ule unanyonyeshwa. Siku hiyohiyo, mezani pale, alimshika Mshonaji kidole kilichochomwa na sindano, akakitazama muda mrefu, akasema, "Fundi mwenzangu, sisi mikono yetu ndiyo inayoumia kwanza." Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mshonaji neno zuri kama lile. Tangu hapo walionana karakanani kwake, nyuma ya mbao zilizopangwa, katika harufu ya maranda na gundi. Lakini kila alipomuuliza, "Lini utanipeleka kwenu?" Seremala aliinamisha kichwa.

"Mama hataki kusikia habari ya mwanamke aliyeachika. Ukimtajia tu, presha inapanda. Nivumilie, nitamlainisha polepole."

Naye alivumilia. Sokoni akimwona yule mama kwa mbali, alibadilisha njia, asije akampandisha presha kwa kupita tu.

Leo Seremala alikuwa amepeleka milango kijiji cha pili na hangerudi mapema. Mama yake hamjui kwa sura. Na nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kidimbwi. Mshonaji alijiambia kwamba anakwenda kwa ajili ya bata tu, akateremka.

"Hodi!"

"Karibu, karibu ndani!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini hicho kinacholia?"

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho yanayocheka kabla ya mdomo. Mshonaji alifunua kitambaa. Mama akapiga makofi kama msichana.

"Jamani! Nani kakwambia nilikuwa nawataka? Kidimbwi kile kinanisikitisha, kipo kipo tu, vyura ndio wanaotamba. Leta, leta! Kaa hapo. Umetembea sana wewe, miguu imejaa vumbi."

Akamletea maji ya kunywa, akamletea na ya kunawa. Wakawapeleka vifaranga kidimbwini pamoja. Mmoja alijitosa, wengine wakasita ukingoni, na yule mama akawahimiza kwa maneno ya kubembeleza mpaka wote wakaingia. Mshonaji alijikuta akicheka, na mama akicheka, mabega yao yakigusana. Kwa kitambo akasahau amekaa kwa nani.

"Nyumba inahitaji vitu vidogovidogo," mama alisema waliporudi kukaa kibarazani. "Mimi na mwanangu tunaangaliana tu hapa. Yeye ni seremala, labda unamfahamu. Kijana mzuri, si kwa sababu ni wangu. Lakini hataki kuoa."

Mshonaji alishika kikombe cha maji kwa mikono miwili. "Hataki?"

"Kila nikimuuliza, ananiambia bado hajaona wa kumpenda. Nimemwambia lete yeyote, baba. Awe mjane, awe ameachika, mlete. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeachika nilipomkuta baba yake! Tena nimerudishwa kwetu na sufuria mkononi. Yule mzee hakujali. Alinifuata mchana kweupe, watu wakitazama." Akatikisa kichwa, macho yakiwa mbali. "Mwanangu anajua habari hizo zote. Lakini wapi. Hajaona, hajaona. Mbona umenyamaza, mwanangu? Maji yana baridi?"

"Hapana, mama. Matamu."

Na wakati anatafuta namna ya kuaga, baiskeli ikasikika ikiegemezwa ukutani, na Seremala akatokeza kwenye kona ya nyumba, shati limemshika mgongoni kwa jasho, vumbi la mbao kwenye nywele.

Alimwona. Akasimama kama aliyegonga mlango wa kioo.

"Umerudi!" mama alisema kwa furaha. "Njoo umsalimie mgeni wangu. Ametuletea bata, wako kule wanaoga. Mnafahamiana?"

Mshonaji aliinua uso. Hakumsaidia wala hakumzuia. Alimwangalia tu, kwa macho yaleyale aliyomwangalia nayo mwaka mzima nyuma ya mbao, na ndani yake akawa anaomba: sema. Sema ndiyo tu. Mengine nitasema mimi.

Seremala akamtazama mama yake, akatazama ardhi.

"Karibu, dada," alisema.

Dada! Mshonaji aliweka kikombe chini taratibu.

"Ahsante, kaka. Nilikuwa naaga."

"Mbona mapema?" mama alilalamika. "Mwanangu, basi msindikize mgeni mpaka barabarani. Na wewe binti, uje uwaone bata wako. Usinitupe."

"Nitajaribu, mama."

Walitembea mpaka nyumba ikafichwa na mahindi. Yeye mbele na kikapu kitupu, mwanaume nyuma.

"Fundi," Seremala aliita. "Fundi wangu, simama kwanza."

Akasimama. Hakugeuka.

"Umenishtukiza. Ningejua unakuja ningejiandaa. Unajua hali ya mama..."

"Hali ya mama naijua. Nimekaa nayo leo hii." Sasa aligeuka. "Amenipa maji ya kunawa miguu. Ameniambia alivyorudishwa kwao na sufuria. Hiyo presha inayopanda, mbona sikuiona?"

Seremala aliinamisha kichwa.

"Mwaka mzima," Mshonaji alisema. "Sokoni nilikuwa namkimbia. Mwanamke yule ningekuwa nakaa naye jioni namsuka nywele. Nilimwogopa kwa ajili yako."

"Sikutaka kukuumiza."

"Basi niambie ukweli leo, uniumize mara moja. Nani hanitaki?"

Upepo ulipita kwenye mahindi. Seremala alikuwa anajibanduabandua gundi iliyokauka kwenye kidole gumba, na kwa muda ilionekana kama hiyo ndiyo kazi pekee aliyonayo duniani.

"Si kwamba sikutaki. Nakutaka. Nikikuona roho yangu inatulia, Mungu anajua. Ila pale karakanani watu wanaongea. Wanacheka. Wanasema fulani kaokota, fulani kaachiwa makombo. Nikawaza, nikikutangaza, watanitazama vipi? Kila siku nasema kesho nitajikaza."

"Makombo."

"Ni wao wanasema, si mimi!"

"Na wewe ukawajibu nini?"

Mshonaji alingoja, maana bado kulikuwa na sehemu ndani yake iliyokuwa inangoja, sehemu isiyo na aibu wala akili. Alitazama uso ule alioujua vizuri kuliko wake mwenyewe, kovu dogo la patasi kidevuni, vumbi la mbao kwenye kope. Alitaka kulifuta. Mkono uliinuka wenyewe mpaka nusu ya njia, akaurudisha.

"Rudi nyumbani," alisema. "Usiwaache wale bata wakalala nje. Mbweha wako wengi kule kijitoni."

"Nitakuona kesho?"

Akamwachia swali lake njiani.

Kwa kaka yake chakula kilikuwa kimefunikwa. Mke wa kaka aliuliza, "Wamepata wote?" naye akasema wote. Ua ulikuwa umefagiwa, safi, hauna hata unyoya. Chini ya meza ya cherehani vipande vya vitambaa vilikuwa bado vina mashimo madogo ya miili yao. Aliviokota akavikung'uta, akavikunja, akavitia kwenye mfuko. Kisha akakaa kitandani, na chumba kikawa kikubwa ghafla, ingawa kilikuwa chumba kilekile ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.

Asubuhi alisikia hodi.

Alipotoka, Seremala alikuwa amesimama katikati ya ua, mchana kweupe, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Kaka yake alikuwa tayari anavuta kiti. Mke wa kaka alikuwa anamimina chai, na jicho lake likiruka kutoka kwa mgeni kwenda kwa wifi yake kama mtu anayefuata mpira.

Moyo wa Mshonaji ulipiga paa. Amekuja. Mbele ya watu, mbele ya jirani aliyekwisha kujiegemeza kwenye uzio, amekuja. Kama baba yake.

"Karibu, bwana," kaka alisema. "Kuna heri?"

"Heri, kaka." Seremala alijikohoza. Alikuwa ameshika kofia, anaizungusha kwa vidole. "Nimekuja... kwa ajili ya dada yako. Jana jioni mama alinikalisha chini. Kumbe alikuwa ameona kila kitu usoni kwangu. Amenigombeza sana. Mama amesema nije."

"Mama amesema?" Mshonaji aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Amekupenda. Amesema nisirudi bila wewe kukubali. Amesema yeye atazungumza na watu wote, mtu asithubutu kukucheka."

"Jambo jema!" kaka alisema, uso umemfunguka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Mzazi akibariki hivyo, nani apinge? Sisi hatuna neno, kabisa. Au vipi, mama watoto?"

"Hatuna neno," mke wa kaka alisema haraka.

Wote wakamgeukia yeye. Mshonaji alisogea mpaka akafika mbele ya Seremala, karibu kabisa.

"Nimesikia mama alivyosema," alimwambia taratibu. "Namshukuru. Na wewe unasemaje?"

Seremala alitabasamu kwa wasiwasi. Akamtazama kaka mtu. Akamtazama jirani pale uzioni, na uso wake ukabadilika kidogo, kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga kijiwe. Akaivuta kofia karibu na kifua.

"Si ndiyo hivyo nimekuja," alisema.

Mshonaji aliendelea kungoja. Kofia ilizunguka mara moja zaidi kwenye vidole. Jirani alikohoa.

"Msalimie mama," Mshonaji alisema. "Mwambie nitakuja kuwaona bata siku moja, wewe ukiwa kazini."

"Dada!" kaka aliruka. "Fikiria kwanza! Nafasi kama hii..."

"Nimefikiria, kaka."

"Fundi," Seremala alisema, na kwa neno lile alikaribia kumrudisha. Lakini alilisema chinichini, jirani asisikie.

Aliondoka. Mshonaji alimtazama kutoka mlangoni, ameshika mwimo kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi, mgongo wa shati lile jeupe ukienda, ukipungua, ukikaribia mahindi. Kama angegeuka, hata mara moja, angemwita. Angemkimbilia miguu mitupu mbele ya kijiji kizima, na makombo yawe makombo.

Hakugeuka.

Kaka alisonya, akachukua jembe, akatoka. Jirani naye akakumbuka kazi zake. Mke wa kaka alibaki amesimama na birika, tumbo mbele, akimtazama wifi yake kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama. Mwisho alivuta kiti kile cha mgeni, akamsogezea kikombe ambacho Seremala hakukigusa.

"Kaa, wifi. Kunywa kabla haijapoa."

Alikaa, akanywa. Ilikuwa na sukari nyingi, ile anayotiliwa mgeni.